Jezi Zilizopiga Kura

Nchi yenyewe ukiitafuta kwenye ramani utaikuta, ila jina lake limefunikwa na tangazo la mdhamini. Ni nchi ya amani sana. Watu wake hawagombani juu ya maji ya bomba wala umeme unaokatika chakula kikiwa jikoni. Mambo hayo wamemwachia Mungu na serikali, kila mmoja kwa zamu yake. Wanachogombania ni mpira. Na mpira wa nchi hiyo ni Radi Sports Club, timu ya jezi za zambarau, pamoja na watani wao wa jadi, Kimbunga, ambao hatutawataja ila pale itakapobidi kuwasingizia jambo.

Siwema Kachenje alizaliwa shabiki wa Radi, hakuulizwa. Baba yake, Mzee Athumani Kachenje, fundi baiskeli, alikuwa miongoni mwa vijana waliofyeka kichaka na kung'oa visiki mpaka timu ikapata kiwanja chake, na kiwanja kinaitwa Visikini hadi leo. Uzeeni alikuwa na tabia moja iliyomfanya ajulikane jukwaa zima. Viongozi wakimuudhi, hukunja mikono kifuani, akaikaza hasa, na hapo hata Radi wafunge bao dakika ya mwisho yeye hapigi makofi. Mwaka ambao mwenyekiti mmoja alitaka kukiuza kiwanja kwa watu wa maghala, mkutano mzima ulinyoosha mikono kukubali isipokuwa yeye. Alikaa mikono kifuani, macho mbele, mpaka jirani yake akaona haya akaushusha wake, na wa nyuma yake akaushusha, na kiwanja kikapona. Baadaye akafa kwa presha, asubuhi ya siku ambayo Radi walicheza na Kimbunga. Radi walishinda, naye hakusikia.

Siwema alikua akawa mtangazaji wa Redio Parapanda, kwenye kipindi cha michezo cha alasiri. Alikuwa na sauti nzuri, anaijua sheria ya kuotea kuliko waamuzi wengi, na mashabiki walimpenda. Walimpenda kwa sababu alikuwa hajawauliza kitu.

*

Radi wana desturi yao, na ni desturi nzuri. Aliyeianzisha alikuwa na moyo. Mkutano mkuu wa mwaka haufunguliwi kabla ya kuwakumbuka wanachama waliotangulia. Jamaa za marehemu huja na jezi yake, ile ile aliyoivaa, isiyofuliwa jasho lake. Jina likitajwa, jamaa husimama na kuiinua jezi juu kabisa kwa kushika ncha za mikono yake, na ukumbi mzima hunyamaza. Bi Mwanahawa, mama yake Siwema, kila mwaka aliinua jezi ya Mzee Kachenje. Mikono ya jezi hiyo alikuwa ameishona upya yeye mwenyewe, maana ilichanika kwapani siku Radi walipotwaa kombe, na aliishona kwa uzi wa kijani kwa sababu wa zambarau ulikosekana dukani.

Mwaka tunaousimulia, klabu ilikuwa imepata Mwekezaji. Hakuna aliyewahi kumwona. Alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi nje ya nchi, na kila alipotakiwa kufika alituma kiti chake. Kilikuwa kiti kikubwa cha ngozi nyeusi, bado kina nailoni yake ya dukani, kinapanda gari lenye king'ora na kushushwa na wanaume waliovaa miwani ya jua. Watu walikipisha njia. Akina mama walikipungia. Chuo kikuu kilikitunuku shahada ya heshima, na tangu hapo ikawa utovu wa adabu kukitaja bila kutanguliza "Daktari". Kampuni ya Mwekezaji iliitwa Upeo Neema, na nembo yake ndiyo iliyokaa vifuani mwa wachezaji. Kampuni hiyo inauza nini, hakuna aliyeuliza, kwa kuwa ilikuwa imeleta mshambuliaji kutoka ng'ambo, na mshambuliaji yule alikuwa anafunga kwa kichwa.

Siku ya mkutano, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Msemaji wa klabu, Pazi Lugongo, mtu wa suti nyeupe na maneno mengi. Majina ya marehemu yakasomwa, jezi zikaenda juu, ukumbi ukanyamaza kimya. Ndani ya ukimya ule ule Lugongo akasema, kwa sauti ya chini ya mtu anayeongoza dua:

"Wanaokubali klabu yetu iwe mali ya Mwekezaji, tubaki hivi hivi tulivyo."

Nani angeishusha jezi ya marehemu wake wakati ule? Walibaki hivyo hivyo, machozi yakiwatoka, na makarani wakapita katikati yao wakihesabu. Ili kusiwe na minong'ono, mwanasheria wa klabu akasimama akaeleza kwamba kila jezi imehesabiwa mara mbili. "Jezi imeinua mikono yote miwili," alisema. "Mtu aliye hai huinua mmoja tu, kwa sababu wa pili kashika simu. Hapo, jamani, nani ameonyesha moyo zaidi?" Ukumbi ukampigia makofi. Walio hai walikuwa wamegawanyika, lakini marehemu walikuwa kitu kimoja, na Radi ikapata mmiliki.

Siwema alikuwa jukwaani akitangaza moja kwa moja. Aliiona jezi ya baba yake, ile yenye uzi wa kijani, imenyooshwa juu na vidole vya mama yake. Baba yake hakuwahi kumwinulia mikono kiongozi yeyote aliyekuja na maneno matamu, na sasa alikuwa ameinuliwa yote miwili mbele ya nchi nzima, na hakuwa na njia ya kuishusha.

*

Jezi hazikurudi nyumbani. Kwa kuwa zilikuwa zimepiga kura, mwanasheria alifafanua, zilikuwa wanahisa, na mwanahisa habebwi kwenye mfuko wa plastiki. Zilitengewa jukwaa la mashariki la Visikini. Likapakwa chokaa, likaitwa Jukwaa la Waliotangulia. Kila kiti kilifungiwa kiango cha mbao, jezi ikavishwa hapo, na nembo ya Upeo Neema ikabandikwa kifuani kwa pasi ya moto. Jukwaa hilo lilihesabika limejaa kila mechi. Msemaji alitangaza kwamba Radi ndiyo timu pekee duniani isiyoachwa na mashabiki wake hata wakifa.

Mnaweza kucheka. Lakini mechi ya kwanza upepo ulipoanza kuvuma, ulizijaza zile jezi. Vifua vilituna, mabega yakapanda, na safu nzima za watu wasiokuwa na vichwa zikaonekana zimekaa zinatazama mpira. Radi walipofunga, mikono ile mitupu ilipepea yote kwa pamoja, na waliokuwa karibu waliapa kwamba walisikia makofi. Yalikuwa makofi makavu, yamechelewa kidogo kuliko ya wenzao, yanatoka mbali. Wanaume wazima walisimama. Mmoja akaita jina la kaka yake. Kisha wengine wakaanza kuita, na kulia, na mwisho kucheka, na mechi iliyofuata wakaja na wake zao na watoto wote.

Wajane waliruhusiwa kukaa kiti cha jirani na mume. Bi Mwanahawa alifika kabla ya wote, na chupa ya chai na vikombe viwili. Alimsalimia mzee wake, akamsimulia nani kaoa na nani kahama, na nani anataka kujenga ukuta kwenye njia ya watu.

"Leo kaniitikia," alimwambia binti yake aliporudi, uso unang'aa. "Nimesikia harufu ya grisi, ile ile ya mikononi mwake. Siwema, baba yako yuko pale."

Siwema hakutaka kuamini, na pia hakutaka kutoamini. Alikwenda alasiri moja kabla ya mechi, uwanja ukiwa mtupu, akapanda ngazi mpaka kwenye kiti cha baba yake. Jezi zote zilikuwa zimeangusha mikono pembeni. Ya baba yake ilikuwa imekunja mikono kifuani, juu kabisa ya nembo ya mdhamini, imekazwa.

Ni mama, akasema moyoni. Mama kamkunja hivi kwa mapenzi tu, kwa kumbukumbu. Akashuka ngazi upesi kuliko alivyopanda, na hakugeuka nyuma.

Walinzi waliikunjua. Mechi iliyofuata wakaikuta imekunja tena. Wakaikunjua wakaibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, na mechi iliyofuata vibanio vilikutwa chini, vimepangwa vizuri. Klabu ikatoa onyo kali kwa yeyote anayewachezea wanahisa.

*

Jambo lile lilimkaa Siwema rohoni kama mwiba wa samaki. Alasiri moja, akiwa hewani, baada ya kutaja vikosi vya timu, akajikuta ameuliza. Hakupaza sauti.

"Wapenzi wasikilizaji, mimi ni Radi, na baba yangu alikuwa Radi. Nauliza tu. Huyu Mwekezaji ni nani, kampuni yake inauza nini, na baba yangu alimkubali lini?"

Mtangazaji mwenzake, Chande Mkumba, aliyekuwa anatafuna karanga, akaacha kutafuna. Taa za simu ziliwaka zote.

"Dada Siwema, shikamoo," alianza wa kwanza. "Yaani hapana, naichukua shikamoo yangu. Nani kakutuma?"

"Hajanituma mtu, kaka yangu."

"Kimbunga wamekununua! Mbona Kimbunga huwaulizi?"

"Kimbunga hawajamhesabu baba yangu."

"Na hata kama huyo Mwekezaji anatuibia," akaingia mwingine kwa hasira, "anatuibia sisi wenyewe. Ninyi waandishi inawahusu nini?"

Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, anaongea taratibu. "Mwanangu, mimi nakaanga vitumbua. Nyumba yangu inavuja. Mume wangu kafa, na Jumamosi nakwenda Visikini nakaa naye, timu inashinda, narudi nimetulia. Wewe umesoma. Hebu niambie, ukishauliza hayo maswali yako, mimi Jumamosi nitakwenda wapi?"

Chande akaweka muziki.

Kuanzia siku hiyo muuza mkaa wa mtaani alimwambia mkaa umekwisha, huku amekalia gunia. Kwenye ukuta wa nyumba yao mtu aliandika SHANGAZI WA KIMBUNGA. Na Wizara ya Furaha ya Taifa, ambayo haipendi kuingilia uhuru wa mtu, ilitoa mwongozo mfupi: swali kuhusu timu litaruhusiwa pale timu inapofungwa; timu ikishinda, swali ni uchochezi; ikitoka sare, mwandishi atumie busara zake na wakili wake. Tatizo ni kwamba Radi walikuwa hawafungwi.

Klabu nayo, kuonyesha kwamba haina la kuficha, iliita waandishi wa habari. Mkutano huo uliendeshwa kisasa. Kila mwandishi alipofika mlangoni alipewa jibu lake, limechapwa vizuri kwenye kadi, akaombwa atafute swali linalolingana nalo. Siwema alipewa jibu lililosema: "Ndiyo, na tunamshukuru sana." Nakala ilikuwa mezani kwa Msemaji.

Zamu yake ilipofika alisimama. "Ndugu Msemaji, je, mmeichukua sauti ya baba yangu bila ruhusa yake?"

Lugongo alitazama kadi. Akatazama kamera. Utaratibu alikuwa ameuweka yeye mwenyewe. "Ndiyo," akasoma, "na tunamshukuru sana."

Waandishi wakapiga makofi kwa mazoea. Kesho yake Redio Parapanda ilimpa Siwema likizo ambayo hakuiomba, na klabu ikamfungia kuingia Visikini kwa kazi ya utangazaji.

*

Likizo ina faida zake. Siwema alipiga moyo konde akaenda ofisini kwa klabu kuomba jezi ya baba yake. Katibu, bwana mpole mwenye feni ndogo inayompuliza usoni, alimkaribisha kiti na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, nimekuelewa sana. Ila mwanahisa haondolewi na mtu. Anajiondoa mwenyewe. Mwambie mzee afike hapa na kitambulisho chake, na picha ndogo za hivi karibuni."

"Baba yangu amekufa, Katibu."

"Hilo umesema wewe." Katibu alitabasamu kwa huruma. "Sisi kwetu hajakosa mechi hata moja. Ana mahudhurio mazuri kuliko wewe."

Alipokuwa anatoka, aliuona ukutani mchoro wa rangi wa jengo refu la vioo. Chini yake paliandikwa "Upeo Neema Plaza, Visikini". Siwema akasimama pale pale. Katibu akamweleza kwa furaha. Mkutano mkuu wa dharura umeitishwa Jumamosi, kiwanja kitakabidhiwa kwa Mwekezaji, na timu itakuwa inachezea ugenini moja kwa moja, jambo ambalo litaondoa kabisa tatizo la kufungwa nyumbani.

"Na wale wa jukwaa la mashariki?"

"Wametengewa chumba chini ya ardhi. Kina kiyoyozi."

"Mnawazika tena."

"Tunawahifadhi," alisema Katibu, na kumfungulia mlango.

*

Bi Mwanahawa alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Hakuinua uso binti yake alipoingia.

"Mama, wanataka kuuza Visikini. Wanataka mkono wa baba."

"Baba yako keshakubali tangu mkutano ule. Niliinua mimi." Gurudumu la cherehani lilizunguka haraka zaidi. "Wewe ndiye hujamkubali. Unamtukanisha redioni, mimi napita mtaani nafunika uso kwa khanga. Wenzangu waliniheshimu. Leo wananiita mama wa yule mwandishi."

"Kama una hakika amekubali," Siwema akasema, naye sasa ana hasira, "kwa nini unamkunja mikono kila mechi?"

Cherehani ilisimama.

"Namkunja nani?"

"Mama, nimemwona. Kakunja mikono kifuani, vile vile alivyokuwa anafanya. Nani mwingine anaijua tabia ile akaijali?"

Bi Mwanahawa aligeuka kwenye kiti taratibu. "Nilijua ni wewe," alisema. "Nilidhani unapenya kwa kadi yako ya uandishi, unamkunja ili watu waone. Nimekutetea kwa walinzi, mwanangu. Nimewaapia kuwa ni upepo."

"Si mimi, mama. Nilipanda pale mara moja tu, na nilimkuta ameshakunja."

Walitazamana. Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga danadana, mpira unadunda, unatulia, unadunda.

"Upepo haukunji mikono," Siwema alisema mwisho.

"Najua haukunji." Bi Mwanahawa aliweka kiganja juu ya cherehani kama mtu anayetaka kitu cha kujishikiza. Machozi yalianza kumtoka bila kelele. "Basi hajaniitikia hata siku moja. Muda wote huu amekaa pale kanuna, na mimi namsimulia habari za mtaa. Namimina chai yake."

Siwema alipiga magoti akamkumbatia miguu. Mama yake hakuwa analia kwa hofu ya mzimu. Alikuwa ana uchungu wa mke aliyegundua kwamba mumewe amekasirika siku nyingi, naye hakutambua.

*

Mkutano wa dharura ulifanyika Visikini kwenyewe, jua la alasiri likiwa kali, ili wanahisa wa jukwaa la mashariki wasisumbuliwe kuhamishwa. Kiti cha Mwekezaji kiliwekwa katikati ya uwanja, kwenye duara la kuanzia mpira, na mtu wa kukishikia mwavuli. Siwema aliingia kama mwanachama wa kawaida, amemshika mama yake mkono. Watu walimwona, wakasonya, wakasogea pembeni.

Lugongo alihutubia. Alisema wako watu wanaopenda kuulizauliza, na kwamba maswali ni ugonjwa unaoanza mdomoni na kumalizikia mahakamani. Alisema visiki vilivyong'olewa na wazee wetu walipokuwa vijana viling'olewa kwa sababu moja tu, ili ipatikane nafasi ya vioo. Alisema Daktari, yaani kiti, amefurahi sana leo. Watu wakakishangilia kiti.

Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ile ya dua. "Tuwakumbuke waliotangulia."

Uwanja ukanyamaza. Safari hii klabu ilikuwa imejiandaa. Mishipi ya kuvulia samaki ilikuwa imepitishwa kwenye ncha za mikono ya jezi zote, na nyuma ya jukwaa walinzi walisimama wameishika. Lugongo alipotoa ishara, wakavuta. Kutoka mwisho mmoja wa jukwaa hadi mwingine, mikono mitupu ilianza kupanda. Ilipanda pamoja, polepole, ikitoa sauti ya kitambaa kinachokwaruzana, na ikasimama juu. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Wanaume waliokuwa wamevaa kofia walizivua. Hata wale waliojua kwamba ni mishipi, na karibu wote walijua, waliinamisha vichwa.

Jezi moja haikupanda. Ilikuwa imekunja mikono kifuani. Mlinzi akavuta tena. Akavuta kwa nguvu, mshipi ukakaza mpaka ukalia, kiango kikayumba, kifua cha jezi kikainama mbele halafu kikarudi nyuma, kama mtu anayeburutwa na hataki.

"Msimvute!"

Bi Mwanahawa alikuwa ameshapanda ngazi. Alifika kwenye kiti, akafungua fundo la khanga yake, akatoa wembe wake wa kufumulia nguo.

"Mama," Lugongo aliita kwenye kipaza sauti, "unamfanya nini mwanahisa?"

"Huyu ni mume wangu." Alisema bila kipaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya na alisikika mpaka ng'ambo. "Mikono hii nilishona mimi."

Aliweka wembe kwenye uzi wa kijani, chini ya kwapa la kulia, akaanza kufumua. Alifumua kwa utaratibu, kama anavyofumua sare ya mtoto aliyekua. Siwema, aliyekuwa amemfuata ngazini, alimsikia ananong'ona, anamwomba radhi kwa kila uzi unaokatika. Mkono wa kwanza ukatoka, akauchomoa kwenye mshipi. Akahamia wa pili. Ilipokwisha, jezi ilibaki imekaa pale haina kitu mabegani, na mshipi ukaning'inia bure.

"Sasa mhesabu," alisema. Kisha akanyoosha wembe kuelekea katikati ya uwanja. "Na yule aliyekaa pale chini ya mwavuli, naye ainue wake tuuone."

Watu wote wakageuka kukitazama kiti. Nailoni ilikuwa inang'aa juani. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wanajua siku zote kwamba hapana mtu, kila mmoja kwa nafsi yake, lakini hawakuwahi kukitazama wote kwa pamoja. Mshika mwavuli akaushusha mwavuli wake taratibu, kama aliyeona aibu.

Safu ya nyuma, mama wa vitumbua alisimama kando ya jezi ya mumewe. Analia, kamasi zinamtoka, lakini mkono wake ulikuwa mbele. "Mwanahawa," alisema, "niazime huo wembe."

Wembe ukaenda mkono kwa mkono. Walinzi walivuta mishipi ikarudi mitupu. Mwanasheria alipekua kanuni zake mbele na nyuma, na kanuni zikawa na msimamo: pasipo kilichoinuka, hapana kura. Visikini haikuuzwa siku hiyo. Hakuna aliyeshangilia. Waliondoka kimya kimya, wajane wamefumbata vitambaa vya zambarau vifuani, na upepo ulipovuma nyuma yao, jukwaa la mashariki halikutoa sauti yoyote.

*

Mtu angetegemea Siwema aombwe radhi. Nchi hiyo haina utaratibu huo. Alirudishwa redioni, na simu ya kwanza ilikuwa ya yule yule aliyechukua shikamoo yake, akimlaumu kwa kuwafukuzia Mwekezaji. Kiti kilikuwa kimepakiwa kwenye gari, na kuna watu waliolikimbilia wakilia. Msimu uliofuata kilionekana kwa Kimbunga, kimevishwa nailoni mpya. Mashabiki wa Kimbunga, ambao mwaka mzima walimsifu Siwema kwa ujasiri, walipiga simu kumwonya kwamba maswali yake sasa yamevuka mipaka.

Mshambuliaji wa ng'ambo naye aliondoka. Radi wakaanza kufungwa, na kwa mujibu wa mwongozo wa Wizara maswali yakaruhusiwa tena, ila hakukuwa na aliyebaki wa kuulizwa.

Jumamosi moja Siwema alikwenda Visikini na mama yake, wakakaa jukwaa la mashariki. Viango vilikuwa vimeng'olewa, jezi zimerudi nyumbani kwa wenyewe. Bi Mwanahawa alikuwa amevaa ile mikono miwili ya zambarau, ameivuta juu ya mikono ya gauni lake mpaka mabegani, na nyuzi za kijani zinaning'inia. Chupa ya chai ilikuwa miguuni, na safari hii alikuja na kikombe kimoja.

Dakika za mwisho kabisa Radi walipata bao la kusawazisha. Uwanja ukasimama wote. Siwema akaruka, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha akatazama pembeni. Mama yake alikuwa amekaa vile vile. Mikono ameikunja kifuani, ameikaza, macho mbele.

"Mama, ni goli. Hupigi makofi?"

"Najaribu," alisema Bi Mwanahawa. "Hataki."

Siwema alikaa. Alitazama uzi wa kijani unaotikisika kwenye bega la mama yake, na uwanjani hapakuwa na upepo. "Kawakasirikia viongozi?" aliuliza polepole.

"Viongozi gani, mwanangu," mama yake alisema. "Kanikasirikia mimi. Niliyemkata mikono ni mimi."

Siwema alikuwa na maswali mengine. Alimimina chai, akamnywesha mama yake kwa mkono wake mwenyewe, wakakaa hivyo mpaka watu wote walipokwisha kutoka.